Mkutubi ni Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vyeti na Hadhi ya Kazi ya Maktaba

Maswali haya huulizwa na vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita, wasaidizi wa maktaba walioko kazini, walimu waliokabidhiwa funguo za maktaba ya shule, na Waafrika Mashariki walioko nje wanaotaka kuendelea na kazi waliyoisomea nyumbani. Majibu yanaegemea zaidi Tanzania Bara. Kenya, Uganda na Zanzibar zina taratibu zao, nami nimezigusa pale zinapohusika.

Nani hasa anaitwa mkutubi?

Mtaani kila anayeonekana ndani ya maktaba ni mkutubi: anayepokea mifuko mlangoni, anayeazimisha vitabu, anayepanga rafu, hata anayefuta vumbi. Katika ajira jina hilo ni la kada. Kwa kawaida mkutubi ni mwenye shahada ya ukutubi au ya fani ya habari na nyaraka. Chini yake yupo mkutubi msaidizi, ambaye mara nyingi ana stashahada, kisha msaidizi wa maktaba mwenye astashahada. Taasisi zinatofautiana katika majina haya, kwa hiyo soma tangazo la kazi neno kwa neno kabla hujaomba.

Nje ya majina ya kada, mimi namtambua mkutubi kwa maamuzi anayobeba. Kitabu gani kiingie na kipi kiondolewe. Kiwekwe wapi, na kiandikwe vipi kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, ili kipatikane. Msomaji aliyesimama mbele yangu anahitaji nini hasa, hata kama alichoomba ni kitu kingine. Anayefanya maamuzi hayo kwa ujuzi na anaweza kuyatetea, huyo ana taaluma.

Kwani kazi yenyewe si kugonga mihuri na kupanga vitabu? Kuna nini cha kusomea?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na kulijibu kwa hasira hakujatusaidia. Anayeuliza anasema alichokiona. Muhuri unaonekana, rafu zinaonekana, rejista ya kuazima inaonekana. Kazi iliyobaki inafanyika kabla msomaji hajaingia, na ikifanywa vizuri hana sababu ya kuitambua.

Chukua riwaya moja mpya ya Kiswahili. Inaandikwa kwenye rejista ya kupokelea vitabu na kupewa namba, inagongwa muhuri, kisha mtu anakaa nayo na kuamua. Katika mfumo wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, unaotumika katika maktaba zetu nyingi, fasihi ya Kiswahili iko 896.392 na lugha ya Kiswahili iko 496.392. Diwani yenye maelezo marefu ya arudhi na vina iende wapi? Na mwandishi anayejulikana kwa jina lake, la baba na la babu, aingizwe kwa jina lipi? Mmoja akimwingiza kwa jina la kwanza na mwenzake wa zamu nyingine akamwingiza kwa jina la mwisho, kazi za mtu mmoja zimeshatawanyika sehemu mbili, na msomaji atakuta nusu yake tu.

Wakutubi wa pwani wanaujua mtihani mgumu zaidi. Melvil Dewey aliupanga mfumo wake Marekani mwaka 1876, na namba za mia mbili zote ni za dini. Sehemu kubwa, kuanzia 220 hadi 280 na kitu, ni ya Biblia na Ukristo. Uislamu wote umewekwa 297, na dini za jadi za Kiafrika zimebanwa kwenye 299.6. Maktaba ya Lamu, Unguja au Tanga yenye tafsiri, fiqhi, sira na hadithi nyingi ikifuata jedwali bila kufikiri itapata msururu wa vitabu vyenye namba ndefu zenye desimali nyingi, huku rafu za jirani zikiwa na nafasi tele. Mkutubi anapima. Je, arefushe namba ili kila somo lijitenge, au afupishe na kutegemea majina ya waandishi? Je, aweke vibao vya Kiswahili juu ya rafu? Akikosea, msomaji hatalalamika. Atadhani tu kitabu hakipo, aende zake.

Kisha kuna dawati. Mwanafunzi anakuja: "Dada, naomba kitabu cha historia." Asiyefundishwa ananyoosha kidole kuelekea mia tisa, rafu za historia. Aliyefundishwa anauliza, "Mwalimu amewapa swali gani?" Kumbe ni insha kuhusu sababu za kiuchumi za Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Sasa tunajua pa kwenda: 967.8 kwa historia ya Tanzania, na zaidi ya hapo vitabu vya kilimo cha pamba wakati wa Wajerumani, ambavyo haviko kwenye rafu ya historia kabisa.

Au anaingia mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kitabu cha sheria."

Ukimpa kitabu cha sheria kama alivyosema, umemwangusha. Ukimsikiliza taratibu utagundua shamba lake limeingiliwa na jirani. Anachohitaji ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na mtu wa kumwonyesha vifungu vinavyohusu mabaraza ya kijiji. Hapo pia kuna mpaka wa taaluma: mkutubi anampa sheria, anamwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria, lakini hamwambii kama atashinda kesi. Na shida ya mzee yule haitoki nje ya dawati lile.

Hayo yote hufundishwa. Yapo yanayokuja kwa uzoefu, ila msingi wake ni wa darasani.

Ngazi za vyeti Tanzania zikoje?

Kwa upande wa vyuo vya kati, ngazi ni zile zinazosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi: ngazi ya 4 na ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada. Chuo chetu kikongwe katika fani hii ni cha Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania na kilichoanzishwa mwaka 1989. Wengi wanakijua kwa kifupi chake, SLADS. Kabla ya hapo Bodi ilikuwa ikiwafundisha wasaidizi wa maktaba yenyewe, kwa cheti kilichowabeba wengi walioendesha maktaba za mikoa.

Shahada ziko vyuo vikuu, chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu. Chuo Kikuu Huria kina shahada inayowafaa walioko kazini, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uzamili katika fani ya habari. Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kimekuwa na kitivo cha sayansi za habari tangu 1988, na wakutubi wengi wa Tanzania wamepita pale. Sifa za kujiunga hubadilika, kwa hiyo tazama mwongozo wa udahili wa mwaka husika na usitegemee alichoambiwa kaka yako alipojiunga.

Nimefanya kazi maktaba miaka mingi bila cheti. Je, mimi si mkutubi?

Naomba nilijibu hili kwa uangalifu, kwa sababu wanaoliuliza wameumia.

Kwa muundo wa utumishi, hapana. Bila cheti huwezi kupandishwa kwenye kada hiyo, na mwajiri hana njia ya kukulipa kama mkutubi hata akitaka. Kwa kazi, inawezekana kabisa kwamba unaijua kuliko kijana aliyetoka chuo jana. Nimeona mama mmoja, msaidizi wa maktaba, akiulizwa kitabu ambacho katalogi inasema kipo na rafuni hakipo, naye akaenda moja kwa moja nyuma ya kabati la magazeti, mahali ambapo wanafunzi wa chuo cha jirani huficha vitabu wakati wa mitihani. Hakuna silabasi yenye somo hilo.

Lakini ujuzi wa namna hiyo una udhaifu: unabaki kichwani mwa mtu mmoja. Akistaafu, umeondoka. Mafunzo humpa mtu lugha ya kuuandika, kuurithisha na kuuhamishia maktaba nyingine. Kwa hiyo ushauri wangu kwa walioko kazini ni kwamba wasome, wasiogope kukaa darasa moja na watoto wao, na wadai ruhusa ya masomo mapema, kwa maandishi, ili iingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Na kwa wenye shahada wanaoingia na kuanza kuwatuma wasaidizi wazoefu kama watarishi: hiyo ni dhuluma, na inaiharibu maktaba. Salimia, uliza, jifunze mahali vitu vilipo. Cheti chako kitaonekana kwenye kazi.

Mimi ni mwalimu, nimepewa maktaba ya shule juu ya vipindi vyangu. Nahesabiwaje?

Wewe ni mwalimu wa maktaba, na shule nyingi zinaendeshwa hivyo. Hakuna aibu ndani yake. Tatizo ni kukabidhiwa maktaba bila saa za kuihudumia wala mafunzo, na wakati mwingine kama adhabu kwa mwalimu aliyekosana na mkuu wake. Maktaba iliyotolewa kama adhabu wanafunzi wanainusa mara moja.

Omba mafunzo mafupi. Anza na mambo machache: rejista ya mapokezi, mpangilio rahisi wa masomo, siku maalumu za kila darasa kuazima. Usihangaike na namba ndefu za Dewey kwenye maktaba ya vitabu mia sita. Tarakimu tatu za mwanzo zinatosha.

Nina shahada ya fani nyingine, mathalani sosholojia au kompyuta. Naweza kuingia?

Ndiyo, kwa njia ya uzamili. Vyuo vingi hupokea wenye shahada ya kwanza ya fani yoyote, na maktaba za vyuo vikuu zinawahitaji. Mkutubi wa kitivo cha tiba aliyesoma biolojia ana faida kubwa. Fahamu tu kwamba katika vyuo vikuu vyetu vya umma wakutubi wa ngazi ya juu huhesabiwa pamoja na wanataaluma: watatarajiwa kuchapisha makala na kufundisha, na kupanda kwao kunategemea hayo.

Je, wakutubi wana bodi ya kuwasajili kama wahandisi na wahasibu?

Tanzania, hapana. Mhandisi ana bodi inayoweza kumfutia usajili, mhasibu ana bodi yake, NBAA, wakili ana orodha ya mawakili. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba, Na. 6 ya 1975, inaiwekea Bodi jukumu la kuendesha na kuendeleza huduma za maktaba na mafunzo yake. Ni sheria ya huduma zaidi kuliko sheria ya mtu mmoja mmoja anayeitwa mkutubi. Kinachomtambulisha mkutubi wa Tanzania ni cheti chake, barua yake ya ajira, na uanachama wake katika chama cha wakutubi ikiwa amejiunga.

Nigeria walichagua njia nyingine. Mwaka 1995 waliunda kwa sheria baraza la usajili wa wakutubi. Mwenye sifa husajiliwa na kula kiapo, na kuna herufi za kuweka baada ya jina lake. Afrika Kusini chama cha wakutubi kimetambuliwa na mamlaka ya sifa za taifa kuwa chombo cha kitaaluma kinachoweza kutoa hadhi hiyo.

Je, nasi tufanye hivyo? Nimelifikiria sana, na nipo upande wa usajili, kwa masharti. Faida yake kubwa ni kwa msomaji. Leo mkutubi akitoa taarifa za nani kaazima kitabu gani, akaanika siri ya binti aliyekuja kusoma kuhusu ujauzito, atakayemshughulikia ni mwajiri wake tu, ikiwa mwajiri mwenyewe analiona kosa. Shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, lilipitisha kanuni za maadili mwaka 2012, na faragha ya msomaji imo. Kanuni bila chombo cha kuzisimamia nchini inabaki karatasi ya kubandika ukutani.

Masharti yangu ni mawili. Usajili uanze na wanaosimamia maktaba na wanaoitwa wakutubi kwa kada, usiwaguse vijana wanaojitolea kwenye maktaba za kata na misikiti na makanisa. Ukiwatoza ada na kuwadai vyeti, zile maktaba zitafungwa, na hakuna nyingine itakayofunguliwa mahali pake. Pili, kuwe na kipindi cha mpito ambapo uzoefu wa walioko kazini unapimwa kwa haki.

Taaluma hii ilianzaje Afrika Mashariki?

Chama cha kwanza, cha Afrika Mashariki nzima, kilianza miaka ya 1950. Mwaka 1963 ilifunguliwa Makerere shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi huko ndiko walikopikwa wakutubi wa Uganda, Kenya na Tanzania. Mwaka huohuo Tanganyika ilipitisha sheria ya huduma za maktaba. Kenya ikafuata na sheria yake mwaka 1965. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, jengo ambalo bado linatumika.

Angalia mpangilio wa tarehe hizo. Nchi ilikuwa changa, ina wasomi wachache mno, na bado iliona watu wa maktaba wanahitaji shule yao. Baadaye kidogo ilikuja elimu ya watu wazima na maktaba za vijijini, kwa sababu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka arobaini anasahau asipopata cha kusoma. Kila nikisikia kiongozi akisema maktaba haihitaji mtaalamu, nakumbuka waliotutangulia walikuwa na fedha kidogo kuliko yeye na hawakusema hivyo.

Chama cha pamoja kiligawanyika kuwa vyama vya kitaifa mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini ushirikiano haukufa. Mkutano wa kwanza wa wakutubi wa Afrika Mashariki na Kati ulifanyika Dar es Salaam mwaka 1974, na mikutano hiyo inaendelea hadi leo, sasa pamoja na nchi za kusini.

Kwa nini Marekani wanadai shahada ya uzamili?

Kwa sababu ya historia yao. Melvil Dewey alifungua shule ya kwanza ya ukutubi Chuo cha Columbia, New York, mwaka 1887, na wanafunzi wake wengi walikuwa wanawake, jambo lililowaudhi wakuu wa chuo. Mafunzo yalikuwa ya mikono zaidi. Mwaka 1923 ilitoka ripoti ya Charles Williamson, iliyogharimiwa na mfuko wa Carnegie, ikasema shule hizi zinachanganya kazi ya karani na kazi ya mtaalamu, na kwamba mafunzo ya wataalamu yahamie vyuo vikuu. Mwaka 1951 chama chao, ALA, kilipitisha viwango vilivyoifanya shahada ya uzamili kuwa ndiyo ya kuingilia taaluma, na mpaka sasa ALA ndiyo inayozipa ithibati programu hizo Marekani na Kanada.

Matokeo yake ni mstari mkali. Ndani ya maktaba moja kuna wenye uzamili wanaoitwa wakutubi na wasio nao wanaoitwa wasaidizi, hata kama wote wanakaa dawati moja na kujibu maswali yaleyale. Mjadala wao juu ya mstari huo haujaisha: masomo ni ghali, mishahara ni ya wastani, na gharama hiyo huwazuia hasa watoto wa familia maskini na watu weusi.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda kwa kuwa kinawanyima ushindi mwepesi pande zote mbili. Mwaka 1939 Rais Roosevelt alimteua mshairi Archibald MacLeish kuongoza Maktaba ya Bunge la Marekani. Hakuwa mkutubi. ALA ilipinga waziwazi, ikashindwa, na Seneti ikamthibitisha. Kisha MacLeish akaipanga upya maktaba ile kwa namna ambayo hata wakutubi walikuja kuisifu. Mwaka 2016 nafasi hiyohiyo ilikwenda kwa Carla Hayden, mkutubi aliyeanzia maktaba za umma za Chicago na kuongoza za Baltimore, mwanamke wa kwanza na Mmarekani mweusi wa kwanza kuishika. Aliifungua maktaba ile kwa watu wa kawaida kama mtu anayejua dawati lilivyo. Aliondolewa na Rais mwezi Mei 2025, kabla ya muhula wake wa miaka kumi kwisha.

Ninachokiona ni kwamba kiongozi wa nje anaweza kufaulu akiwa amezungukwa na wataalamu na akawasikiliza. MacLeish alikuwa nao kwa mamia. Maktaba ya wilaya yenye watumishi watatu haina akiba hiyo; ukimweka asiyejua, hakuna wa kumshika mkono.

Na Uingereza?

Chama chao cha kwanza kilianza 1877 na kupata hati ya kifalme 1898. Mrithi wake tangu 2002 ni CILIP, na anatoa hadhi za ngazi tatu kwa kupima jalada la kazi za mtu: umefanya nini, umejifunza nini, umebadilisha nini. Napenda sana njia hii. Inampa nafasi msaidizi wa miaka ishirini kuonyesha anachokijua, na inamlazimisha mwenye shahada aendelee kujifunza.

Nina vyeti vya Afrika Mashariki na nahamia nje. Vitatambuliwa?

Inategemea unakwenda wapi na una cheti gani.

Kwa Marekani, sera ya ALA inakubali shahada ya uzamili ya ukutubi kutoka programu inayotambuliwa na chombo husika cha nchi nyingine. Hilo ni jambo zuri ambalo wengi hawalijui. Lakini mwajiri ndiye mwenye neno la mwisho, na baadhi ya majimbo, New York likiwamo, yana cheti chao kwa wakutubi wa maktaba za umma. Utahitaji tathmini ya vyeti kutoka taasisi inayokubalika huko, na nakala za matokeo zitumwe na chuo moja kwa moja. Ziombe kabla hujasafiri. Kuzifuatilia ukiwa mbali ni mateso.

Mwenye stashahada ya Bagamoyo akienda Kanada asijilinganishe na mkutubi wa kule. Yuko karibu zaidi na fundi wa maktaba, ambaye husomea stashahada ya miaka miwili, na hiyo ni kazi ya heshima na mlango wa kuanzia.

Oman na nchi za Ghuba husisitiza vyeti vithibitishwe na mamlaka za nyumbani, ikiwamo wizara ya mambo ya nje. Kiarabu kinaongeza sana nafasi yako.

Kwa anayerudi Tanzania na shahada ya nje, TCU ndiyo inayoitambua na kuilinganisha. Fanya hivyo mara tu ufikapo.

Kwa nini siku hizi uhakiki wa vyeti ni mkali hivi?

Aprili 2017 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa uhakiki umebaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tangu hapo hakuna mwajiri wa umma anayetaka kubahatisha. Hakikisha majina yako yanafanana kwenye vyeti vyote, na kama yanatofautiana tafuta hati ya kiapo au ya kubadili jina mapema.

Ukutubi na utunzaji wa kumbukumbu ni kitu kimoja?

Ni ndugu, lakini kila mmoja ana nyumba yake. Mtunza kumbukumbu anashughulikia majalada ya ofisi, masijala na nyaraka za kudumu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya 2002. Kitabu kikipotea unaweza kupata nakala nyingine. Jalada la kiwanja likipotea, mtu amepoteza kiwanja. Kozi nyingi hufundisha yote mawili, kwa hiyo mhitimu anaweza kuomba pande zote. Tazama tu kama cheti chako kinataja fani ambayo tangazo linaitaka.

Kompyuta na akili unde hazitaimaliza kazi hii?

Zimeshaibadilisha. Maktaba nyingi za vyuo vyetu zinatumia Koha, programu huria iliyoanzia New Zealand, na kadi za katalogi zimekwisha. Lakini programu inahifadhi ulichoandika. Jina likiandikwa namna mbili, itatunza makosa yote mawili kwa uaminifu.

Akili unde imeleta kazi mpya kabisa. Wanafunzi wanakuja na orodha ya makala walizopewa na mashine, zenye majina ya waandishi, majarida na miaka, na nyingine hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Kumwonyesha mwanafunzi wa uzamili jinsi ya kuthibitisha kwamba chanzo kipo, bila kumfedhehesha mbele ya wenzake, ni kazi ya mkutubi wa leo. Anayejua katalogi na hifadhidata analigundua kwa dakika chache.

Nina shahada, lakini mwajiri wangu ameniandika "mhudumu wa maktaba". Nifanyeje?

Kwanza, angalia barua yako ya ajira na muundo wa utumishi unaokuhusu. Ikiwa uliajiriwa kwa cheti cha chini kisha ukasoma, unahitaji kuomba kubadilishiwa kada, na hilo hutegemea ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, na bajeti. Omba kwa maandishi, ambatanisha vyeti vilivyothibitishwa, na uhifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Fuatilia kila mwaka kabla ya bajeti kuandaliwa, maana baada ya hapo jibu litakuwa lilelile.

Pili, ifanye kazi yako ionekane. Wakuu wetu wanaona idadi ya viti vilivyokaliwa na mihuri. Andika ripoti fupi kila robo mwaka: maswali ya wasomaji yaliyojibiwa na ya aina gani, vitabu vilivyoandikwa kwenye katalogi, vilivyoondolewa na sababu, vilivyoombwa na havipo, madarasa uliyoyafundisha kutafuta vyanzo. Weka mfano mmoja wa msomaji aliyesaidiwa, bila jina lake. Mkuu wa taasisi akisoma kwamba wanafunzi thelathini waliomba kitabu kimoja na maktaba ina nakala mbili, ameelewa kwa nini kuna mtu wa kuliona hilo.

Ripoti hizo zitunze na kwako pia, pamoja na vyeti vya semina, mawasilisho ya mikutanoni na barua za shukrani. Nafasi ikitangazwa kwingine, au usajili ukianza nchini, jalada lako litakuwa tayari.